UZI: Draivu Z: imekataa kufunguka kwenye desktop ya zamani? Soma hapa kabla hujanunua mashine nyingine

Fundi_Ngara (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za kazi.

Kuna jambo linaniuma, ndiyo maana nimeamua kuliandikia uzi. Tangu Windows 10 iachwe bila msaada Oktoba 14, 2025, naitwa kwenye ofisi ndogo ndogo hapa mjini ambazo zimebadilisha mashine moja tu, ile inayoweka mafaili ya wote, na zingine zikabaki vile zilivyokuwa. Asubuhi karani anawasha desktop yake ya Ex-UK (mtumba kutoka Uingereza) iliyonunuliwa barabara ya Luthuli, mashine ambayo bado ina nguvu, na Z: ina alama nyekundu. Anaitwa mtu, anaitazama kidogo, anasema imezeeka, nunueni nyingine. Mwenye duka anachomoa pesa ya stoki. Mara nyingi mashine haikuwa na ubaya wowote.

Draivu ya mtandao ni folda iliyo ndani ya kompyuta nyingine. Ili ifunguke, waya upitishe, anwani zikutane, mashine zote mbili zikubaliane toleo la SMB (utaratibu ambao Windows hutumia kupeana mafaili), halafu mwenye folda akuruhusu. Kazi ya fundi ni kujua ni wapi kati ya hapo pamekatika.

Usikae mbele ya dirisha la Network ukingoja majina ya kompyuta yatokee. Orodha ile kwenye Windows za zamani ilitegemea SMB1, na SMB1 ikizimwa orodha inaweza kubaki tupu hata kama folda zote zinafunguka. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika cmd, kisha:

net use Z: \\192.168.1.20\Hesabu

Weka anwani na jina la folda yako. Nataka upite hapa kwa sababu dirisha hili jeusi linakupa namba, na namba ndiyo inayokuambia pa kwenda.

Ukipata 53, hujafika kabisa kwenye ile kompyuta: tafuta waya, anwani au kizuizi. 67 mara nyingi ina maana kompyuta umeifikia lakini hakuna folda inayoshirikishwa kwa jina hilo, kwa hiyo angalia tahajia kwanza. 86 na 1326 ni jina la mtumiaji au nywila. 5 ni kwamba umetambuliwa lakini hujapewa ruhusa. 85 ni herufi Z: ambayo tayari imeshikwa na kitu kingine. 1219 nitairudia hapo chini, hiyo imewalaza watu ofisini.

Kisha ping 192.168.1.20. Ikijibu, usishangilie bado. Ping ni kubisha langoni kwa ploti. Soja kukuitikia hakumaanishi mwenye nyumba atafungua mlango wake. Mlango wa mafaili ni namba 445. Kutoka kwenye Windows 8.1 kwenda mbele, fungua PowerShell uandike:

Test-NetConnection 192.168.1.20 -Port 445

Kwenye Windows XP, telnet 192.168.1.20 445 inatosha. Skrini ikigeuka nyeusi tupu, mlango uko wazi. Na kinyume chake pia hutokea: ping haijibu lakini mafaili yanafunguka, kwa sababu Windows Firewall imezuia ping peke yake. Kwa hiyo mlango wa 445 ndio nauamini.

Wekeni namba mnazoona hapa pamoja na Windows ya pande zote mbili. Tutaenda nazo moja moja.

---

Karani_Mambo

Shukran fundi. Mimi niko ofisi ya uhasibu, tarehe 20 ya VAT imekaribia na mafaili ya wateja yako Z:. Mashine yangu ni Windows 7, inayobeba mafaili ni Windows 10. Wiki iliyopita tulihamia kampuni nyingine ya intaneti, wakaja na ruta yao. Tangu hapo napata 53. Intaneti iko sawa kwa kila mtu. Ping kwenye seva inasema muda umekwisha.

---

Fundi_Ngara

Pole dada, na umeeleza vizuri sana, jibu liko ndani ya maneno yako mwenyewe.

Ruta ya zamani pengine ilikuwa inagawa anwani za 192.168.1. Zipo ruta nyingi za faiba zinazogawa 192.168.100. Kama seva iliandikiwa anwani ya kudumu kwa mkono, imebaki kwenye mtaa wa zamani huku ninyi wote mmehamishwa. Andika ipconfig kwenye mashine yako na kwenye seva, uyalinganishe yale mafungu matatu ya kwanza ya namba. Yakitofautiana, ndiyo hapo. Kama seva nayo inaonyesha inafikia intaneti, angalia pia kama ina Wi-Fi iliyowashwa pembeni inayompa mtu picha ya uongo.

Ukiona 169.254 mwanzoni, hiyo ni tofauti: mashine iliomba anwani, haikujibiwa na yeyote, ikajipa yenyewe. Rudi kwenye waya na swichi.

Tiba yake msiifanye kwa kubahatisha namba. Ingieni kwenye ruta mpya, muitengee seva anwani moja isiyobadilika, halafu kwenye seva yenyewe rudisheni mpangilio wa kupokea anwani moja kwa moja. Ruta ikibadilishwa tena siku nyingine, seva itahama pamoja nanyi.

Na kuna la pili linalofuatana na hili karibu kila mara. Windows ikiona ruta mpya inadhani ni mtandao mpya, na Windows 10 huuweka kwenye kundi la mitandao ya hadharani, kana kwamba uko kwenye Wi-Fi ya mkahawa. Kwenye kundi hilo kushirikisha mafaili kunafungwa. Nenda kwenye mipangilio ya mtandao ya seva, uchague Private. Usizime Windows Firewall yote. Nimeona watu wakiizima "kwa kujaribu" na ikabaki hivyo mwaka mzima.

---

Karani_Mambo

Ilikuwa 192.168.1.20 kwenye seva na sisi wote ni 192.168.100. Tumebadilisha. Sasa 53 imeondoka, lakini inaniitisha jina na nywila na kila nikiweka inasema si sahihi. Naweka ile ile ambayo bosi anaingilia kila asubuhi.

---

Fundi_Ngara

Bosi anaingia kwa nywila au kwa zile tarakimu nne?

---

Karani_Mambo

Tarakimu nne.

---

Fundi_Ngara

Hiyo ni PIN, dada. PIN hufanya kazi kwenye mashine ile ile tu, haivuki mtandao. Draivu inataka nywila ya akaunti. Na kama akaunti haina nywila kabisa, Windows kwa kawaida inaikataa isiingie kupitia mtandao hata kama folda umeiachia kila mtu.

Usitumie akaunti ya bosi. Kwenye seva tengeneza akaunti ya kawaida ya hapo hapo, iite mfano "hesabu", uipe nywila ya maana. Kwenye folda kuna ruhusa za sehemu mbili: zile za kushirikisha na zile za usalama za folda yenyewe. Zote mbili lazima zimkubali "hesabu", na ile iliyo kali zaidi ndiyo inayoshinda. Wengi huweka moja na kusahau nyingine, wakapata kosa namba 5.

Kwenye Windows 7 yako, kwanza fungua Credential Manager ndani ya Control Panel ufute kila kilichohifadhiwa kuhusu seva ile. Nywila mbovu iliyohifadhiwa hutumwa kimya kimya kabla hujaulizwa chochote. Halafu:

net use Z: \\192.168.100.20\Hesabu * /user:SEVA\hesabu /persistent:yes

Mahali pa SEVA andika jina la ile kompyuta. Nyota ndiyo inayokufanya uulizwe nywila, ili usiiandike wazi mbele ya watu.

Ikikujibu 1219, usikasirike. Windows haimruhusu mtu mmoja kuingia kwenye seva moja kwa majina mawili kwa wakati mmoja. Labda umefungua printa ya seva ile ile asubuhi kwa jina la bosi, na hujui. Andika net use peke yake uone miunganisho iliyopo, funga mafaili yako, kisha net use * /delete na uanze upya. Hakikisha umehifadhi kazi kabla ya kuiandika, inakata draivu zote.

---

Karani_Mambo

Imefunguka!! 1219 ilitokea kweli, ilikuwa printa. Mungu akubariki fundi. Yule wa kwanza alitaka tununue desktop mbili.

---

Mchapishaji_RiverRoad

Fundi, mimi mzee wako ninayo ngumu zaidi. Nina duka la stika na mabango. Mashine ya kukata stika inaendeshwa na desktop ya Windows XP, maana programu yake na lile tundu la waya wa zamani havikubali Windows nyingine. Nimeuliza kila mahali, kubadilisha mashine ya kukata ni pesa ambayo duka halina. Vijana wanachora kwenye kompyuta mpya ya Windows 11, zamani XP ilikuwa inachukua kazi kutoka folda ya mtandao. Sasa haiwezi. Mlango wa 445 uko wazi, nimefuata maelezo yako. Kijana mmoja aliniambia nifungue SMB1 kwenye ile mpya na mambo yataisha.

---

Bit_na_Bait

Mzee, huyo kijana hajakosea. Unaenda kwenye orodha ya vipengele vya Windows, unaweka tiki kwenye SMB 1.0, unazima na kuwasha. Dakika kumi.

---

Fundi_Ngara

Shikamoo mzee. Bit, itafunguka kweli, lakini ngoja niwaeleze kwa nini naikataa.

XP ilitoka 2001 na inajua SMB1 peke yake. Toleo la 2 lilikuja na Windows Vista, Windows 7 ikaleta 2.1, Windows 8 ikaleta 3.0, na Windows 10 na 11 zinazungumza 3.1.1. Kompyuta mbili zikikutana hutafuta toleo la juu ambalo wote wanalijua. XP na Windows 11 mpya hawana hata moja la pamoja, kwa sababu tangu toleo la 1709 la Windows 10, mwishoni mwa 2017, Microsoft iliacha kuweka SMB1 kwenye usakinishaji mpya.

Hatari yake ilionekana wazi Mei 12, 2017. Programu hasidi iitwayo WannaCry ilipita kwenye udhaifu wa SMB1, ikaruka kutoka mashine hadi mashine bila mtu kubonyeza chochote, ikafunga mafaili na kudai malipo. Hospitali Uingereza zilirudisha wagonjwa. Kiraka cha udhaifu huo kilikuwa kimetolewa Machi mwaka huo huo, wengi hawakukiweka. Sasa mzee, kompyuta yako ya Windows 11 ndiyo yenye kazi za wateja wote, michoro ya miaka yote. Kuirudisha kwenye SMB1 ili kuifurahisha mashine ya kukata ni kuweka mali yote ya duka mahali pabaya. XP yenyewe haijapata msaada wa kawaida tangu Aprili 8, 2014.

Njia ninayoipenda ni mpatanishi. Tafuta desktop yoyote kuukuu, hata yenye RAM ndogo, uweke Debian (aina ya Linux) na Samba, programu inayoiwezesha Linux kupeana mafaili kwa SMB. Mpatanishi huyu anaongea SMB1 na XP, na SMB3 na kompyuta mpya, bila hao wawili kukutana. Kwenye faili ya mipangilio ya Samba:

server min protocol = NT1

Bila mstari huo Samba yoyote kuanzia 4.11 itaikataa XP. NT1 ndiyo SMB1. Kisha tumia hosts allow kutaja anwani ya XP na za kompyuta za wachoraji tu. Folda iwe ya kupitishia: kazi ya leo inaingia, inakatwa, inafutwa. Asili zote zibaki kwenye Windows 11, na nakala yake kwenye diski ya nje ambayo haikai imechomekwa.

Kuna mtego utakaokupata hapo. Nywila itakuwa sahihi na XP bado itakataliwa. XP ikiwa haijaguswa hutuma nywila kwa mfumo wa zamani sana, na Samba za siku hizi zinakubali NTLMv2 tu, yaani mfumo mpya zaidi wa kuthibitisha nywila. Usilegeze Samba. Fungua regedit kwenye XP, nenda HKEY_LOCAL_MACHINE\SYSTEM\CurrentControlSet\Control\Lsa, ubadilishe LmCompatibilityLevel iwe 3, uzime na kuwasha. XP inaweza NTLMv2 vizuri tu, haikuwashiwa.

La mwisho kwa XP: ipe anwani ya kudumu kwa mkono na pale pa gateway (anwani ya ruta) uache wazi. Itawaona majirani zake ndani ya duka, lakini haitakuwa na njia ya kutoka kwenda kwenye intaneti.

---

Bit_na_Bait

Nimekuelewa kaka. Je, kama hana desktop ya tatu? FTP, ile njia ya zamani ya kuhamisha mafaili, si inatosha?

---

Fundi_Ngara

Inatosha, ndani ya duka. Windows 11 iendeshe programu ndogo ya FTP inayoonyesha folda moja tu, XP ichukue kwa programu ya FTP. Ubaya wake ni kwamba nywila inapita wazi kwenye waya, kwa hiyo iwe nywila isiyotumika popote pengine, na huduma hiyo isifunguliwe kwenye ruta. Pia programu ya kukata haitaona herufi ya draivu. Kijana atapakua faili kwanza ndipo akate. Kwa duka lenye kazi kumi kwa siku ni sawa. Kwa mzee anayekata mfululizo, mpatanishi atamfaa zaidi.

---

Mchapishaji_RiverRoad

Marahaba kijana wangu. Desktop ninayo stoo, Pentium. Mwanangu anasoma mambo haya chuo, nitamkalisha na huu uzi wikendi.

---

Mwalimu_Komputa_Eastlands

Habari za jioni. Kwetu ni maabara ya shule, mashine za Windows 7 zilizotolewa kama msaada, mafaili yako kwenye Windows 10 Pro. Shida yetu haiko kila wakati. Asubuhi stima ikipotea na kurudi, zote zinaonyesha alama nyekundu. Baadaye mchana zinafunguka, halafu ghafla kwa wanafunzi wachache inakataa kabisa.

---

Fundi_Ngara

Mwalimu, hapo naona mambo matatu yaliyochanganyika, tuyatenganishe.

Stima ikirudi, kila kitu kinawaka kwa pamoja. Desktop ya Windows 7 inafika kwenye skrini ya kuingia kabla swichi na seva hazijawa tayari, inajaribu Z:, inakosa, inaweka alama nyekundu na kunyamaza. Ukibofya mara mbili baadaye inafunguka. Ipeni seva na swichi UPS yao (betri ya kushikilia stima), hata ndogo, kabla ya kufikiria kompyuta za wanafunzi.

Alama nyekundu ya mchana, ambayo ukibofya inaondoka, mara nyingi si ugonjwa. Seva hukata muunganisho uliokaa kimya dakika 15. Programu zingine za zamani hazivumilii hilo. Kwenye seva, fungua cmd kama msimamizi uandike net config server /autodisconnect:-1. Na hakikisheni seva haijapangiwa kulala, maana hiyo hukata kweli kweli.

Wale wachache wanaokataliwa kabisa: mna mashine ngapi?

---

Mwalimu_Komputa_Eastlands

Ishirini na sita.

---

Fundi_Ngara

Ndiyo hapo basi. Windows 10 Pro si Windows ya seva, na Microsoft huiruhusu kupokea miunganisho 20 tu kwa wakati mmoja. Windows 7 ni 20 vile vile, XP Pro ilikuwa 10. Wa ishirini na moja anaambiwa nafasi imejaa, na hakuna waya wala ruta itakayomsaidia. Na mkiongeza ile amri ya autodisconnect, nafasi zitashikwa hata na wasiofanya kazi, kwa hiyo ninyi msiitumie.

Samba kwenye Linux haina kikomo hicho, na haina leseni ya kulipia. Kwa shule ndiyo ningeichagua. Windows 7 zenu zinaongea SMB 2.1, kwa hiyo hamtahitaji kugusa SMB1 hata kidogo.

Na kabla hamjahama, pimeni waya. Maabara za msaada hufungwa haraka haraka. Kasi ya 100 hutumia nyaya nne kati ya nane ndani ya kebo, kasi ya 1000 inataka zote nane. Kichwa kilichokazwa vibaya kinaweza kuonyesha taa na kupitisha intaneti, halafu faili kubwa inakwama katikati. Endesha ping -n 200 kwenda kwa seva kutoka kila mashine. Ndani ya chumba kimoja hakuna sababu ya kupoteza hata moja. Kipimo cha kebo ni bei nafuu pale Luthuli.

---

Bit_na_Bait

Kaka, swali la mwisho. Kuna ofisi naihudumia Industrial Area, nimekuta fundi aliyenitangulia aliwasha SMB1 kwenye seva. Nataka kuizima lakini naogopa kuna kitu kinachoitegemea. Nitajuaje bila kuwavurugia kazi?

---

Fundi_Ngara

Usizime bado, isikilize kwanza. Kwenye seva, PowerShell kama msimamizi:

Set-SmbServerConfiguration -AuditSmb1Access $true

Iache mwezi mzima ili upitie na mwisho wa mwezi, ambapo mashine ambazo hazitumiki mara kwa mara huwashwa. Kisha fungua Event Viewer, uende Microsoft, Windows, SMBServer, halafu Audit. Kila aliyeingia kwa SMB1 ataandikwa pale kama tukio namba 3000, pamoja na anwani yake. Kwa kutazama wakati huo huo tu, Get-SmbSession | Select-Object ClientComputerName, Dialect inakuonyesha waliounganishwa na toleo wanalotumia.

Angalia sana mashine za fotokopi. Zile za zamani zinazoskani moja kwa moja kwenye folda ndizo huachwa nyuma. Kompyuta zote zimepona, fotokopi peke yake ndiyo bado inaomba SMB1. Ikiwa ndiyo hiyo, ingia kwenye ukurasa wake kupitia kivinjari uangalie kama kuna programu mpya ya ndani ya kuiongezea SMB2. Ikikosekana, ipangie kutuma skani kwa FTP au kwenye flashi, halafu ndipo uondoe ile tiki kwenye seva.